Kutembea kwa Kukosa Nauli: Mwendo wa Mwili na Unene katika Mitaa ya Eastlands

Kampeni za afya hupenda kuwaambia watu wa mjini kuwa wananenepa kwa sababu hawaushughulishi mwili. Kwa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kauli hii ina walakini. Uchunguzi wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2015, kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, ulibaini kuwa ni asilimia 6.5 tu ya Wakenya wazima wasiofikia kiwango cha shughuli za mwili kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Uchunguzi uo huo uliwakuta asilimia 38.5 ya wanawake na asilimia 17.5 ya wanaume wakiwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Uvivu hauwezi kuzieleza takwimu hizi zote mbili.

Kinachohitaji kuelezwa ni aina ya mwendo unaohesabiwa. Alfajiri, Jogoo Road hujaa watu waendao kwa miguu kuelekea Industrial Area na katikati ya jiji. Wengi wao hawatembei kwa ajili ya afya, wanaokoa nauli. Hojaji huwaandika kuwa watu wenye shughuli nyingi za mwili, na ni kweli, kwa wiki hiyo. Unene, hata hivyo, hujengeka kwa miaka. Kibarua akipata ajira ya kudumu, jambo la kwanza analoliacha ni ule mguu wa asubuhi, na pesa zilezile zinazompandisha matatu ndizo zinazomnunulia chipsi jioni. Mwendo wake ulikuwa umefungwa kwenye umaskini, kwa hiyo unakoma wakati ule ule chakula kinapoongezeka.

Tusiharakishe kusema kwamba angeendelea kutembea angebaki mwembamba. Mwaka 1953 mtafiti Jeremy Morris na wenzake walionyesha kuwa makondakta wa mabasi ya London, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, waliugua moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva. Miaka mitatu baadaye walirudi na vipimo vya sare: hata kati ya vijana wa umri mmoja, suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni. Huenda basi lenyewe halikuwanenepesha. Huenda wanene ndio waliokuwa wakivutwa na usukani. Anayetaka kumlinganisha dereva na makanga wa matatu za Buruburu leo atakumbana na tatizo hilo hilo.

Karibu na kwetu, mtafiti Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadza wa Tanzania, wawindaji na wakusanyaji watembeao sana kila siku. Katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2012, ukishazingatia ukubwa wa mwili, nishati wanayoitumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Magharibi. Kwangu mimi, hapa ndipo hoja ya kulaumu miguu pekee inapovunjika. Mwendo hulinda moyo na husaidia kuzuia uzito usipande, lakini hauwezi kufuta mafuta na sukari ya kila siku.

Halafu kuna wanawake, ambao takwimu zao za unene ndizo za juu zaidi. Kiwanja cha Camp Toyoyo, Jericho, ni cha soka, na soka hiyo kwa kiasi kikubwa ni ya wanaume. Mama mboga huamkia sokoni, kisha huketi kibandani hadi usiku. Huko mtaani Pipeline, ghorofa nyingi hazina lifti. Mwanamke apandishaye mtungi wa maji hadi orofa ya sita anafanya mazoezi makali, ila sijaona mtu wa kumtaka aendelee nayo akipata bomba.

Sera ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 kuhusu waendao kwa miguu na kwa baiskeli ilikuwa hatua njema. Kipimo chake, kwa maoni yangu, kisiwe idadi ya watembeao, kwa kuwa umaskini peke yake unaijaza idadi hiyo. Tunahitaji kuwafuata watu wazima wale wale wa Kayole au Makadara kwa miaka, kipato chao kikibadilika, tukiwauliza pia swali lisilo kwenye hojaji: kama ungekuwa na nauli, bado ungetembea?