Epijenetiki ya ujauzito na mishipa ya mtoto

Athari ya matatizo ya ujauzito kwa mishipa ya damu ya mtoto, kupitia alama za kikemia, hasa methili, zinazonata kwenye DNA na kupunguza au kuongeza kazi ya jeni bila kubadili mfuatano wake. Wanaozaliwa na mama wenye priaklampsia (hatua ya kabla ya kifafa cha mimba) huwa, kwa wastani, na presha ya juu kuliko wenzao. Kwamba methili ndiyo chanzo, hilo bado ni dhana. Pwani ya Kwale, toka Diani na Chale hadi Msambweni, kuna mzigo mwingine: vimelea vya malaria hujikusanya kwenye kondo la nyuma, na mtoto huzaliwa na uzito pungufu. Kaunti jirani ya Kilifi, utafiti wa matatizo ya ujauzito uitwao PRECISE umefuatilia wajawazito Rabai na Mariakani. Ushahidi maarufu zaidi kwamba hali ya ujauzito huacha alama kwenye DNA ni wa Uholanzi: waliotungwa mimba katika njaa ya 1944–45 walikutwa, miongo sita baadaye, na methili pungufu kwenye jeni ya ukuaji iitwayo IGF2.