Edwina Booth

Edwina Booth (13 Septemba 1904 – 18 Mei 1991) alikuwa mwigizaji wa Marekani. Alizaliwa Provo, Utah, kwa jina la Josephine Constance Woodruff, akaingia kwenye sinema mwishoni mwa enzi ya filamu bubu.

Mwaka 1929 kampuni ya MGM ilimleta Afrika Mashariki kuigiza katika Trader Horn chini ya mwongozaji W. S. Van Dyke, pamoja na Harry Carey, nyota wa filamu bubu za wachunga ng'ombe. Miongoni mwa mahali walipopiga picha ni Maporomoko ya Murchison, Uganda. Kazi ilianza kama filamu bubu. Mitambo ya sauti ikaletwa safari ikiendelea, na mazungumzo mengi yakalazimika kurudiwa Marekani. Booth, katika nafasi ya Nina, alivishwa mavazi haba juani na penye mbu. Alirudi kwao mgonjwa.

Filamu ilitoka mwaka 1931 na kupata umaarufu mkubwa, lakini hadithi yake ya Nina kama "mungu mke mweupe" ni dhaifu na inawadhalilisha Waafrika. Kinachoiinua ni uigizaji wa Mkenya Mutia Omoolu, aliyecheza kama Renchero, mbeba bunduki. Anastahili kukumbukwa kuliko anavyokumbukwa.

Kutokana na ugonjwa alioupata safarini, Booth aliishtaki MGM akidai zaidi ya dola milioni 1, na shauri likamalizwa nje ya mahakama. Baada ya filamu chache za bei nafuu za mfululizo, ikiwemo The Last of the Mohicans (1932), aliacha uigizaji na kulitumikia kanisa lake la Mormoni.