Kuchuja

Kanga mpya ikitiwa katika beseni kwa mara ya kwanza, aghalabu maji hugeuka. Mwenyewe husema kanga imechuja, akayamwaga maji yale uani, na siku ya pili akajitanda. Kiswahili kimelipa neno hili kazi mbili zinazopingana: nguo huchuja inapoachia rangi yake majini, na maji huchujwa yanapoondolewa kisichotakiwa. Kwa doti moja jambo hili ni dogo. Kwa viwanda vinavyotia rangi majora kwa majora, kazi ya kwanza ya neno iliitangulia ya pili kwa miaka mingi, na mito ndiyo iliyolipa deni.

Rangi za kale hazikuwa na usafi wa malaika. Mapipa ya nili iliyotiwa katika kaniki yalinuka, na hakuna aliyetamani kuishi jirani nayo. Lakini uchafu wake ulikuwa wa majani na mizizi, na udongo uliufahamu. Mambo yalibadilika mwaka 1856, pale William Henry Perkin, kijana wa miaka 18 wa London, alipokuwa akitafuta njia ya kuunda kwinini ya kutibu homa. Dawa hakuipata, chupa yake ikambakishia zambarau iliyotokana na lami ya makaa ya mawe. Miaka miwili baadaye Mjerumani Peter Griess aligundua mmenyuko ambao ulikuja kuzaa jamii kubwa kuliko zote za rangi za viwandani, zile ziitwazo rangi za azo: nyekundu, manjano na machungwa zisizo na idadi.

Haikupita muda mrefu kabla ya visima kusema. Huko Basel, Uswisi, kiwanda cha Müller-Pack kilitengeneza rangi nyekundu ya fuksini kwa kutumia aseniki. Mwaka 1864 waliokaa jirani na kiwanda wakaugua, na mkemia wa mji, Friedrich Goppelsröder, alipoyapima maji ya kisima akaikuta sumu humo. Mwenye kiwanda alitiwa hatiani na kutakiwa kulipa fidia. Hukumu ilikuwa ya haki; dawa iliyofuata ilikuwa ya ajabu. Taka ziliondolewa ardhini zikaelekezwa katika mto Rhine, ambao ulizibeba taka za viwanda vya rangi vya Basel kwa zaidi ya miaka 100. Waliokuwa chini ya mto hawakuulizwa. Na waliokuwa ndani ya viwanda nao hawakusalimika: mwaka 1895 daktari Ludwig Rehn wa Frankfurt alieleza saratani ya kibofu miongoni mwa watengenezaji wa fuksini.

Hatua kubwa ya kusafisha ilitoka Manchester, mji wa pamba ambao ulipiga chapa sehemu ya kanga zilizovaliwa Unguja na Mombasa. Mwaka 1914 Edward Ardern na William Lockett walieleza jinsi maji machafu yanavyosafishwa kwa kupulizwa hewa huku tope lenye vijidudu hai likibakishwa humo ili lile uchafu. Njia hiyo imeenea duniani, na haki yake ipewe. Ila iliundwa kwa ajili ya maji ya vyooni, na rangi haiwi chakula kwa kuwa mtu ameitaka iwe. Rangi njema, kwa mtiaji na mnunuzi, ni ile isiyoharibiwa na jua, jasho wala sabuni. Sifa ile ile inayoifanya kanga ipendwe ndiyo inayoifanya rangi ipite katikati ya vijidudu bila kuguswa.

Mwaka 1956 kampuni ya ICI ya Uingereza ilitoa rangi ambazo hufungamana na uzi wa pamba kama pingu. Zilishika kuliko zilizozitangulia. Lakini sehemu yake huungana na maji badala ya uzi, na hiyo haina tena kazi nyingine isipokuwa kumwagwa. Isitoshe, ili rangi iingie katika pamba hutiwa chumvi nyingi, nayo chumvi yote hubaki majini.

Watu wa pwani wanaijua shabu, ambayo ikikorogwa katika maji ya tope huyakusanya machafu yakatuama chini. Viwanda navyo huitumia. Hufaa kwa rangi zilizoelea kama vumbi. Zilizoyeyuka kabisa huiponyoka. Mkaa wa vifuu vya nazi uliotayarishwa kwa moto mkali huzinasa nyingi, kisha hujaa na kuhitaji kuchomwa upya au kutupwa. Vijidudu visivyohitaji hewa huweza kuukata mshipa wa azo na maji yakatakata machoni, lakini vipande vinavyobaki, amini, baadhi yake huleta saratani, hivyo yapaswa yafuate matangi ya hewa. Maji meupe si lazima yawe maji salama. Ipo pia njia ya H. J. H. Fenton, ambaye mwaka 1894 alieleza nguvu ya chuma na haidrojeni peroksaidi alipoijaribu juu ya asidi inayoupa ukwaju ukali wake. Miongo mingi baadaye ndipo ilipotumiwa dhidi ya rangi.

Leo kanga na vitenge vingi vya Afrika Mashariki hupigwa chapa Jetpur, Gujarat, kando ya mto Bhadar, ambao umechafuka kwa rangi. Kusini zaidi, Tirupur, bwawa la Orathupalayam lilijengwa juu ya mto Noyyal mwaka 1992 ili kumwagilia mashamba. Likajaa maji ya rangi na chumvi, hata wakulima waliojengewa wakaomba lisifunguliwe. Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda vya kutia rangi vya mji huo vifungwe hadi visimwage hata tone. Vilivyofunguliwa tena hupitisha maji katika utando usiopitisha chumvi, kisha huchemsha kinachobaki hadi kikauke. Maji hurudi kwenye mapipa ya rangi. Chumvi na tope lililokauka hutiwa katika magunia, na magunia hurundikwa ghalani yakingoja pa kupelekwa.