Kabla ya Sindano, Maelezo

Malale yalipoenea kando ya Ziwa Tanganyika, chini ya miinuko ya Ufipa, serikali ya Wajerumani ilikuja na kambi na amri. Watu walipapaswa shingo kutafuta tezi zilizovimba, tezi zikatobolewa, na aliyekutwa na vimelea akadungwa atoksili, dawa yenye arseniki. Daktari Robert Koch alikuwa ameijaribu mwaka 1906 na 1907 katika visiwa vya Ssese, Uganda. Alipoongeza dozi, wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka.

Nani kati yao aliambiwa mapema kwamba macho yake yamo hatarini? Enzi hizo ridhaa ya Mwafrika haikuwa sharti la tiba. Ng'ambo ya mpaka, katika Zambia ya leo, utawala wa kampuni ya Cecil Rhodes uliwahamisha hata wazima kutoka mwambao wa ziwa.

Pasipo maelezo, watu walijieleza wenyewe. Tanganyika ilivuma habari za mumiani, Zambia habari za banyama: watu wanaotumwa na Wazungu kukamata wenzao na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White aliukusanya uvumi huo katika kitabu cha mwaka 2000. Ni rahisi kuucheka. Lakini aliyetolewa damu bila kuambiwa inakwenda wapi alikuwa na haki ya kushuku.

Mabadiliko yalichelewa mno. Mpango wa taifa wa Tanzania wa kifua kikuu na ukoma, ulioanza mwaka 1977 kwa ushauri wa daktari Karel Styblo, ulisifiwa duniani kote, ila mgonjwa alibaki mtu wa kumeza vidonge mbele ya muuguzi. Mwaka 2006 wilaya chache zilijaribu kumwachia achague: atibiwe kituoni, au nyumbani chini ya msimamizi wake. Asiyeelezwa hawezi kuchagua. Miaka miwili baadaye, Sheria ya UKIMWI ya 2008 ilifanya ushauri nasaha kabla na baada ya kupima kuwa wajibu, na majibu kuwa siri ya aliyepimwa.

Laela, kwenye barabara ya Sumbawanga kwenda Tunduma, haki ya kuelezwa hupimwa kwa mambo madogo. Dawa za kifua kikuu humezwa kwa miezi sita, na rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Asiyeambiwa hudhani anakojoa damu, akaziacha. Mhudumu na amweleze kabla ya kidonge cha kwanza. Na mgonjwa asiondoke kwenye dirisha la dawa hajauliza.