Picha ambayo si picha: tovuti zetu na pale pa kupandisha faili

Leo naongelea ile sehemu ya "pandisha faili hapa", maana vijana wa Mwanjelwa na wenzao wa Miyomboni kule Iringa wanatengeneza tovuti kila kukicha na hapo ndipo wengi wanapoliwa.

Tovuti nyingi ninazokutana nazo huku, za shule, saccos na makanisa, ni Joomla au WordPress. Programu za bure, nzuri tu. Lakini zimeandikwa kwa PHP, na seva ikiombwa faili lenye mkia wa .php haikuonyeshi, inatekeleza kilichoandikwa ndani. Sasa mtu akipenyeza .php kwenye folda ya picha kisha akaifungua kwa brauza, kazi kwisha: anasoma neno la siri la hifadhidata, anabadilisha kurasa, anatuma barua taka kwa jina lako.

Mwaka 2013 Joomla ilikuwa inakataa .php, ila ukiongeza nukta mwishoni mwa jina, inapita. Nukta moja jamani! Tundu likazibwa kwenye matoleo 2.5.14 na 3.1.5. Mwaka 2020 ikawa zamu ya File Manager, kiongezi cha WordPress kilichokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000: faili moja lililosahaulika ndani yake liliruhusu yeyote apandishe chochote bila hata kuingia. Toleo 6.9 ndilo lililoziba.

Na usiseme nani atajisumbua na shule ya Mufindi. Wanaotafuta matundu haya wanatumia programu inayogonga kila mlango, haiulizi wewe ni nani.

Kinachoniuma zaidi ni fomu za maombi. Kuna shule moja, jina naliacha, inapokea cheti cha kuzaliwa na namba ya simu ya mzazi, vyote vinalala kwenye folda ya wazi. Ukikata mwisho wa anwani unaona orodha nzima ya watoto wa watu.

Cha kufanya: sasisha programu na viongezi, usivyotumia vifute kabisa. Zuia PHP isifanye kazi ndani ya wp-content/uploads au images (kwa Apache ni mistari michache ya .htaccess). Ruhusu aina chache za faili, lipe kila faili jina jipya, na vyeti viwekwe nje ya folda ya tovuti.

Ila usijaribie kwa jirani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina "nilikuwa najaribu tu". Ukiona tundu mwambie mwenye tovuti, au TZ-CERT iliyo chini ya TCRA.

Ukikuta .php katikati ya picha zako, usilifute ukalala. Huenda liko la pili kwingine. Rudisha nakala ya zamani iliyo safi, sasisha kila kitu, halafu badilisha maneno ya siri yote, la hifadhidata likiwemo.