Udugu wa Wanachuo na Suala la Nyumba: Kisa cha LUCHA mjini Goma

Huko Marekani udugu wa wanachuo hutambulika kwanza kwa nyumba yake: herufi za Kigiriki juu ya mlango, na wahitimu wa zamani wakichangia matengenezo ya paa. Nchini Kongo jumuiya za wasomi zilipata kwanza mlezi. ADAPES, jumuiya ya waliosomeshwa na mapadri wa Scheut, ilianzishwa mjini Léopoldville mwaka 1925 na Padri Raphaël de la Kethulle, akawa mlezi wake. Lumumba mwenyewe aliwahi kuwa miongoni mwa viongozi wa tawi la Stanleyville. UGEC, umoja wa wanafunzi wa vyuo vikuu ulioundwa mwaka 1961, ulijaribu kujitegemea. Mwaka 1968 serikali ya Mobutu iliupiga marufuku, na vyuoni ikabaki JMPR, jumuiya ya vijana ya chama tawala.

LUCHA, yaani Mapambano kwa ajili ya Mabadiliko, ilizaliwa Goma mwaka 2012 miongoni mwa vijana, wengi wao wanachuo au wahitimu wasio na ajira. Hawa walikataa mlezi. Hawakutaka mwenyekiti, wala kujiandikisha kama shirika. Gharama zilitokana na michango yao wenyewe. Miongoni mwa madai yao ya mwanzo yalikuwa maji ya bomba, na hapo hapakuhitajika nadharia: mji umekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, na watu wake hubeba madumu. Mwaka huohuo, Novemba, waasi wa M23 waliuteka mji.

Walioona kwamba umoja usio na mwenyekiti hauwezi kufanya mazungumzo na serikali walikuwa na hoja. Lakini mwenyekiti ndiye anayenunuliwa kwanza, na historia ya siasa za Kongo haikosi mifano.

Hata hivyo, kukosa ofisi hakukuwa kinga. Alfajiri ya tarehe 16 Februari 2016 vijana sita, akiwemo Rebecca Kabugho, walikamatwa katika nyumba ya kawaida mjini Goma wakitayarisha mabango ya mgomo wa siku hiyo. Walihukumiwa kifungo cha miaka 2, kilichopunguzwa kuwa miezi 6 katika rufaa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Juni 2018, Luc Nkulula, mmoja wa wanaharakati wake mashuhuri, alifariki nyumba aliyoishi ilipoteketea kwa moto. Wenzake walidai uchunguzi huru.