Mbio za Baiskeli Milimani: Chimbuko na Funzo Lake

Baiskeli kwetu Afrika ya Mashariki ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha mchezo. Huchukua mikungu ya ndizi, madebe ya maji, magunia ya mkaa, na hata mgonjwa apelekwaye zahanati. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba wako watu wazima washindanao kwa baiskeli katika njia za mawe na makorongo, huenda akadhani huo ni mchezo wa matajiri usiomhusu. Lakini historia yatoa ushahidi mwingine. Mchezo huo ulizaliwa mikononi mwa watu wa ridhaa, juu ya vyuma vilivyokwisha kutupwa.

Chimbuko lake kubwa ni wilaya ya Marin, katika jimbo la California, Marekani. Katika miaka ya 1970 vijana wa huko walikusanya baiskeli nzito zilizoundwa miaka ya 1930 na 1940, zenye matairi manene, gia moja, na breki ya kukanyagia pedali kinyumenyume. Tarehe 21 Oktoba 1976 walishindana kuteremka mlima Pine, karibu na mji wa Fairfax. Njia haikutimia kilomita 4, lakini iliporomoka kwa mita zipatazo 400. Waendeshaji waliondoka mmoja mmoja, na mshindi aliamuliwa na saa. Breki zilipata moto mno hata grisi ya kitovu cha gurudumu la nyuma ikayeyuka na kufuka moshi, ikabidi kitovu kifunguliwe na kutiwa grisi mpya. Kazi hiyo ndiyo iliyoipa njia jina la Repack, yaani "pakia tena".

Wahenga walinena: dau la mnyonge haliendi joshi. Hapa lilikwenda, kwa kuwa manahodha wenyewe walikuwa ndio mafundi. Breki ziliposhindwa, walitia vishikio vya breki za pikipiki. Gary Fisher alifunga gia, na kilima kilichokuwa kikipandwa kwa kukokota baiskeli kikaanza kupandwa kwa kuiendesha. Fremu kuukuu zilipovunjika, Joe Breeze, naye mshindani, aliunda mwaka 1977 fremu mpya iliyokusudiwa milima. Mwaka 1979 Fisher na mwenziwe Charlie Kelly walianza kuuza baiskeli zenye fremu zilizoundwa na Tom Ritchey.

Gia ziliupanua mchezo. Mbio za kuteremka zikapata ndugu yake, mbio za nyika, ambazo mshindani hupanda, huteremka na kuzunguka msituni mara kadhaa, pumzi na ustadi vikipimwa pamoja. Mashindano ya kwanza rasmi ya dunia yalifanyika Durango, Colorado, mwaka 1990. Na mwaka 1996, huko Atlanta, mbio za nyika ziliingia katika Olimpiki.

Waama, sifa ilikuja pamoja na gharama. Chombo kilichoanzia jalalani kikawa cha madini mepesi na bei nzito. Mtoto wa mkulima akasahauliwa, ingawa ndiye aijuaye njia ya mlimani kuliko wote.

Hata hivyo, mwaka 2005 Ritchey yule yule alizuru Rwanda. Huko wanakijiji waliunda baiskeli za mbao, magurudumu nayo ya mbao, wakashusha mazao kutoka vilimani. Mwaka 2006 alisaidia kuanzisha mashindano yaliyozipa baiskeli hizo heshima ya uwanjani. Mnyarwanda Adrien Niyonshuti, aliyenusurika utotoni katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 na kupoteza ndugu zake sita, alishindana mbio za nyika katika Olimpiki ya London mwaka 2012, akamaliza wa 39. Mwenye kuhesabu medali ataipuuza nafasi hiyo. Mwenye kujua alikotoka hataipuuza.

Funzo kwetu ni jepesi kulitaja, zito kulitenda. Vijana washushao mboga kutoka Usambara na Uluguru hupima breki na moyo kila alfajiri, bila mshangiliaji. Tukingoja baiskeli za thamani ndipo tuuanze mchezo, tutangoja sana. Vijana wa Marin walikuwa na vyuma chakavu, mlima, na saa. Milima tunayo, na baiskeli zipo. Atakayeshika saa ndiye tumtafutaye.